Nimeuziwa drili ya kutobolea matundu, nikaambiwa inachonga ukuta

Wakuu, naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia umefungwa bandeji. Mkiona makosa mvumilie.

Jumamosi nilishuka Kariakoo kutafuta mashine ya kuchimba njia ya paipu bafuni. Ukuta wa tofali za inchi sita umeshapigwa plasta, urefu kama mita tatu hivi. Nilikuwa nimeanza na tindo na nyundo, asubuhi mpaka jioni sijamaliza hata mita moja, na mpangaji wa upande wa pili ameshaanza kukohoa kwa makusudi.

Muuzaji akanitolea boksi. "Bosi, hii inabomoa mpaka zege." Nikamuuliza, na kuchonga je? "Si unaona alama ya nyundo hapo? Inapiga hiyo!" 95,000, na tindo mbili akanipa kama zawadi. Risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) hakuna, eti mtandao unasumbua, nikaandikiwa kwa mkono. Hapo ndipo ningeshtuka. Sikushtuka.

Nyumbani nikakaza tindo kwenye yale mameno matatu ya mdomo wa mashine, nikaweka swichi kwenye alama ya nyundo, nikabonyeza. Tindo ikazunguka! Ikachora duara kwenye plasta, ikanasa kwenye tofali, na mashine ikageuka na mkono wangu. Kiganja kimevimba kama andazi.

Jirani yangu ni fundi bomba. Alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. Hiyo, akasema, ni drili ya kawaida yenye mtikisiko: ndani kuna visahani viwili vyenye meno vinavyorukiana, na nguvu yake inategemea wewe unavyoisukuma. Inatoboa matundu ya skrubu, basi. Swichi yake ina alama mbili tu, kutoboa na kutoboa kwa kugonga, na zote mbili inazunguka.

Ya kuchongea ina alama ya tatu, nyundo peke yake, ambayo inapiga bila kuzunguka. Ndani yake pistoni inabana hewa, na hewa hiyo ndiyo inayorusha chuma kinachogonga mkia wa tindo. Mkia wenyewe una mifereji, haukazwi kwa ufunguo, unausukuma unajifunga na unabaki na nafasi ya kucheza mbele na nyuma. Sasa zile tindo za zawadi zilikuwa na mkia huohuo wa mifereji, unaoitwa SDS-Plus, unene milimita 10! Yaani jamaa kanipa tindo za mashine nyingine kabisa. Huyu hajui anachouza, au anajua vizuri sana.

Jirani kaniazima yake. Akakata mistari miwili kwa grinda kwanza, kisha tindo ikalazwa kidogo na kutoa kilichobaki katikati ya mistari. Mita tatu ziliisha kabla ya chakula cha mchana. (Nilipojaribu mwenyewe niliielekeza tindo moja kwa moja ukutani bila kuilaza, nikakandamiza, kipande cha tofali kikatokea sebuleni. Hilo kosa ni langu, simsingizii mtu.) Na vumbi lile jamani, bila barakoa na miwani usiguse.

Jumatatu nimerudi dukani. Kwanza hanijui. Nikamwonyesha karatasi yake, akanielekeza kwenye kibao ukutani: "Bidhaa ikishauzwa hairudishwi." Nikamwambia sijachoka na bidhaa, nimedanganywa, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mlaji. Akajibu, "Nenda popote, bosi," huku akimwonyesha mteja mwingine boksi lilelile. Yule mama nilimvuta pembeni nikamwambia ahesabu alama za swichi. Aliondoka bila kununua, na mimi nikafukuzwa dukani.

Sasa nauliza wenye uzoefu: aliyewahi kupeleka lalamiko FCC (Tume ya Ushindani) akiwa na risiti ya mkono tu, alifika wapi? Maana karatasi ninayo na boksi lenye picha ninalo.

Na kama kuna anayetaka drili ya kutobolea matundu ya pazia, aje PM. Ya pazia tu.