Seti moja tu: adui gani ana akili NA nguvu? Nisaidieni niamue

Taa Imezimwa
Wakuu, salamu. Nina hela ya seti moja tu ya diski za filamu za kutisha na nina siku mbili za kuamua. Nimekwama kati ya Michael Myers (wa Halloween), Jason (wa Friday the 13th), Freddy (wa A Nightmare on Elm Street, anayeua watu ndotoni) na yule mzee wa Saw. Sharti langu ni moja: adui awe na akili na nguvu kwa pamoja. Sitaki zoba lenye misuli, wala mjanja ambaye ukimsukuma anadondoka. Wenye uzoefu nipangieni kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Natanguliza shukrani.

Binti Makini
Kaka, umeacha mengi. Nguvu ipi? Kuna ya kumnyanyua mtu kwa mkono mmoja, na kuna ya kupigwa risasi ukainuka. Hizo ni habari mbili. Unaangalia na nani? Zipi umeshaona? Mashine yako inasoma diski za kanda zote za dunia au ukanda mmoja tu? Tusije tukakushauri halafu ukanunua pambo la kabati.

Kisu Butu
Jason. Uzi ufungwe.

Mtu wa Kati
Jason na akili wapi na wapi? Sehemu ya pili, 1981, msichana Ginny anavaa sweta la marehemu mama yake Jason, anafoka kidogo kama mama, na lile jitu zima linatulia kama mtoto anayesubiri kuogeshwa. Sehemu ya nne, mtoto Tommy kajinyoa nywele tu afanane na Jason wa utotoni, Jason kachanganyikiwa tena. Muuaji gani anaingia mtego uleule mara mbili?

Kisu Butu
Mbona hadithi huimalizi? Ginny aliposogea, Jason akakiona kichwa cha mama yake nyuma, akashtuka, panga likazuiwa. Zuzu asingeshtuka. Kwa nguvu ndiyo kabisa, hakuna wa kumsogelea. 1989, juu ya paa, yule bondia kamtwanga ngumi mpaka mikono ikaisha nguvu. Jason kapokea zote. Zamu yake ilipofika ni ngumi MOJA, kichwa kikatoka shingoni kikaenda kudondokea pipa la taka. Mlete Freddy wenu afanye hivyo mchana kweupe.

Binti Makini
Unamzungumzia Jason yupi lakini? Mpaka sehemu ya nne ni mtu, mkubwa na mgumu, ila mtu. Radi ndiyo iliyomfufua mwaka 1986, na tangu hapo ni maiti inayotembea. Tena sehemu ya kwanza muuaji si yeye, ni mama yake. Sehemu ya tano ni mhudumu wa gari la wagonjwa aliyejifanya Jason. Kwa hiyo mleta mada akinunua seti kwa ajili ya Jason, ajue kuna diski mbili ambazo Jason mwenyewe kama hayupo.

Kisu Butu
Mama yake naye ni nguvu za familia.

Babu Projekta
Wanangu, mnapima kwa rula isiyo na namba. Mimi akili ya adui naipima kwa jambo moja: anafanya nini wakati bado hakuna anayejua kama yupo. Akishaonekana, hata ng'ombe anaweza kukimbiza watu.

Sasa mtazameni Michael wa 1978. Kaiba jiwe la kaburi la dada yake, kalibeba, kaja kulisimamisha kwenye kichwa cha kitanda alichomlaza msichana aliyemuua, kwa ajili ya Laurie tu, msichana anayemwinda, aje akute. Huo ni mpango, na mpango una hatua. Kabla ya hapo kamuua kijana Bob, kajitanda shuka, kavaa na miwani ya Bob juu ya shuka, kasimama mlangoni. Msichana kitandani anacheka akidhani mpenzi wake anamtania. Ile miwani ndiyo inayonimaliza kila mara. Shuka peke yake ingetosha kumficha. Miwani inaonyesha alijua msichana atatafuta nini.

Na nguvu? Huyo Bob alibebwa na koo lake kwa mkono mmoja, akapigiliwa mlangoni kwa kisu cha jikoni, miguu haigusi chini. Halafu Michael akasimama anamtazama, kichwa akikiinamisha upande huu, kisha upande ule. Daktari Loomis, aliyekuwa akimtibu hospitalini, akaja kumpiga risasi sita, akaanguka kutoka roshani ya juu. Kuchungulia chini, hayupo.

Seti ya Halloween. Nimemaliza.

Mtu wa Kati
Mzee, heshima yako. Ila nielezee kitu kimoja. Kafungwa hospitali tangu ana miaka sita, katoka ana ishirini na moja. Gari kajifunzia wapi kuendesha?

Babu Projekta
Hata ndani ya filamu wanauliza hivyohivyo. Loomis anajibu kwamba huenda kuna mtu pale alimfundisha. Limeisha.

Mtu wa Kati
Halijaisha. Mwandishi alijua ana shimo, akalifunika kwa utani. Hiyo ni akili ya mwandishi, usimpe Michael.

Fundi Rimoti
Kabla hujanunua Halloween, bwana mdogo, soma yaliyonikuta.

Nilikuwa nimewasifia mashemeji zangu huyu Michael kwa wiki nzima. Haongei, hakimbii, hafi, ana akili ya chui. Wakasema sawa, tuonyeshe. Seti ndiyo kwanza nimeipata, sijaifungua hata. Nikawaza, ya kwanza na ya pili labda watakuwa wameziona mahali, ngoja niwawekee ya tatu, wakute kitu kipya. Taa nikazima. Simu nikakusanya zote nikaziweka juu ya kabati. Nikasimama mbele yao kama mwalimu: "Atakapotokea, msipige kelele."

Dakika ishirini, hajatokea. Nikawaambia anajenga hofu. Dakika arobaini, kuna kiwanda cha barakoa za watoto na tangazo la wimbo, wimbo wenyewe ule wa daraja la London, unarudiwa na kurudiwa mpaka meno yanauma. Shemeji mkubwa akauliza, "Huyu mwenye kiwanda ndiye Michael?" Nikasema bado. Mara kwenye baa ndani ya filamu kuna televisheni, na kwenye televisheni linapita tangazo la filamu ya Halloween ya kwanza! Shemeji mdogo akaruka: "Ndiye huyo? Yuko kwenye TV?"

Ndiyo alikuwa huyo. Hiyo ya tatu, ya 1982, Michael hayumo. Walitaka kila sehemu iwe na hadithi yake, watazamaji wakagoma, ikabidi wamrudishe mwaka 1988. Mimi hayo nilikuja kuyasoma baadaye. Usiku ule nilikaa mpaka jina la mwisho linapita kwenye skrini, nikiamini atatokea mwishoni kabisa. Mpaka leo nikichelewa kufika popote, mashemeji wanasema, "Mwacheni, anajenga hofu."

Kwa hiyo kama ni Halloween, ruka ya tatu. Au iangalie ukiwa peke yako.

Nungunungu
Nimecheka mpaka nimeamsha watu 😂 "Yuko kwenye TV?"

Kisu Butu
Angeweka Jason yasingemkuta.

Binti Makini
Angeweka ya kwanza angekuta mama mtu. Tuendelee.

Kwa akili tupu, kati ya hao wanne, ni John Kramer wa Saw, anayewatega watu eti awapime kama wanataka kuishi. Filamu ya 2004 watu wawili wamefungwa minyororo chooni, katikati yao maiti sakafuni. Mwisho maiti inanyanyuka, ndiye yeye. Amelala pale muda wote akiwasikiliza. Hakuna adui mwingine aliyekaa karibu hivyo na watu wake bila kushtukiwa. Kwa nguvu amepata sifuri, ni mgonjwa wa saratani na sehemu ya tatu anakufa. Lakini filamu zimeendelea na mitego yake imeendelea. Nguvu ya mkono ya nini kama marehemu bado anakupangia ratiba?

Mtu wa Kati
Ndiyo maana nabisha. Ufunguo wa mnyororo wa Adam, mmoja wa wale wawili, uliwekwa kwenye bafu aliloamkia. Kaamka anatapatapa, mguu umegusa kizibo, maji yakaondoka na ufunguo ukaondoka nayo. Filamu haijafika hata dakika tano. Huyo mwenye akili nyingi hakujua kwamba mtu akizinduka ndani ya maji atarusha miguu? Ama alijua, basi ule si mtihani, ni hukumu, na yale mahubiri yake yote kuhusu kuchagua kuishi ni uongo. Chagua moja.

Binti Makini
Hapo umenibana. Naenda kuiangalia tena.

Nungunungu
Freddy mbona mmemwacha chini? Nguvu zake zinategemea uko wapi. Ukilala, yeye ndiye anayejenga nyumba, ngazi, hata sauti ya mama yako. Ukiamka, ni mzee aliyeungua mwenye glovu ya visu. Msichana Nancy, filamu ya 1984, alilijua hilo, akamvuta nje ya ndoto kwenye mitego aliyomtegea nyumbani, nyundo ikamshukia mlangoni. Ila kwa akili, kumbukeni filamu waliyopambana yeye na Jason, 2003. Watu wamemsahau Freddy, bila hofu yao hana nguvu. Akafanya nini? Akamfufua Jason aende kuua mtaani kwake, ili watu waseme Freddy karudi. Kamtumia Jason kama kijana wa kazi!

Kisu Butu
Na kijana wa kazi mwishoni akatoka ziwani kabeba kichwa cha bosi mkononi. Asante kwa mfano.

Nungunungu
Kichwa kikakonyeza jicho. Nani kashinda?

Kisu Butu
Mwenye shingo.

Babu Projekta
Ha! Hilo nakupa, Kisu.

Lakini mkitaka akili na nguvu kweli, wote hao wanne ni watoto. Kuna kile kiumbe cha Antaktika, filamu ya The Thing ya 1982. Wanaume kumi na wawili barafuni, na hakuna anayejua nani ni mwenzake na nani ni kile kitu. Kinakuiga mpaka sauti. Kompyuta ya kituo inapiga hesabu kwamba kikifika kwa watu, saa 27,000 dunia yote imekwisha. Gawanyeni wenyewe, ni miaka mitatu na kidogo. Na wakati wao wanashikana mashati, kimoja kilichofungiwa bandani kinachimba chini na kujiundia chombo cha kuondokea kwa vipuri vya kuokoteza. Mpaka wapime damu kwa waya wa moto ndipo wanaanza kujuana.

Mtu wa Kati
Hakipo kwenye orodha yake, mzee. Na seti yenyewe ingekuwa diski moja na ile ya 2011.

Binti Makini
Mwenye orodha mwenyewe yuko wapi? Tangu atupe swali hajajibu hata moja.

Taa Imezimwa
Nipo wakuu, nilikuwa nasoma kimyakimya. Samahani, kuna jambo sikulisema. Nitaangalia na mke wangu. Yeye hofu anaipenda sana ila damu hawezi, akiiona anazimia. Kweli anazimia, si utani. Mashine inasoma kanda zote. Jason nimeona mbili, nyingine sijaona.

Binti Makini
Anazimia kwa damu, na wewe umeiweka Saw kwenye orodha???

Taa Imezimwa
Niliona jalada tu.

Binti Makini
Jalada la ya kwanza lina mguu uliokatwa, kaka.

Taa Imezimwa
Nilidhani ni kiatu.

Kisu Butu
Basi Jason ametoka. Inaniuma lakini ndiyo hivyo.

Babu Projekta
Jibu linakuja lenyewe. Halloween ya 1978 karibu haina damu. Watu hawaamini, wanakumbuka damu ambayo haikuwepo. Mwongozaji John Carpenter kaifanya kwa kivuli, na ule muziki wa piano alioutunga mwenyewe, na barakoa iliyofinyangwa kwa sura ya mwigizaji William Shatner ikapakwa rangi nyeupe. Hiyo mke wako ataimaliza macho makavu.

Fundi Rimoti
Ya kwanza sawa. Za baadaye damu ipo, hiyo seti nzima haimfai. Ile ya 2022 Michael anaingizwa kwenye mashine ya kusaga vyuma. Wewe chukua ya kwanza peke yake. Na rafiki yangu, USIMSIFIE kwanza.

Taa Imezimwa
Lakini nilitaka seti. Hela nilishaitenga kwa seti.

Nungunungu
Chucky je? Filamu saba, mdoli mdogo ana akili kuliko polisi wote.

Mtu wa Kati
Mdoli anapigwa teke na mtoto. Nguvu ziko wapi? Halafu damu imejaa. Mnasoma anachosema mwenye uzi?

Taa Imezimwa
Hebu nikamuulize kwanza yeye mwenyewe. Nitarudi.

Kisu Butu
Akirudi mwambie sehemu ya sita ya Jason damu si nyingi sana.

Binti Makini
Kuna mtu anapasuliwa kifua na moyo unatolewa kwa mkono.

Kisu Butu
Mara moja tu.

Mtu wa Kati
Mzee Projekta, nimerudi kwenye gari. Mimi nimejifunza udereva miezi mitatu na mwalimu pembeni, na mpaka leo nikirudi nyuma nagonga ukuta. Huyu katoka hospitali usiku, mvua inanyesha, kaondoka moja kwa moja.

Babu Projekta
Miaka kumi na tano alikuwa amekaa chumbani anatazama ukuta, kama anayeona kilicho nyuma yake. Unadhani alikuwa anatazama nini?

Mtu wa Kati
Maegesho?

Babu Projekta
Maegesho.