Kujiinua kwa kafi la bapa moja: nakwama nusu njia

mtudor
Assalaam alaykum wandugu. Nina mtumbwi wa plastiki wa mito ya kasi, ule wa kupiga magoti. Nafanyia mazoezi hapa hori la Tudor, Mombasa, nia yangu ni kuteremka mto Tana kule Sagana, penye maji ya kasi. Nikipinduka nashindwa kujiinua. Chombo chaja hadi nusu, nawahi hewa kidogo, kisha kafi lazama narudi chini. Napigia kulia. Mwenzangu wa kayaki aniambia nivute kafi kwa nguvu zaidi, nami nimevuta hadi bega lauma. Tatizo liko wapi?

kafi_la_kulia
Wa alaykum salaam. Bega likiuma pumzika kwanza, kaka, bega likichomoka si mchezo. Na usichukue kila kitu cha kayaki, wao kafi lao lina mabapa mawili. Sisi wa bapa moja twamalizia kwa kukandamiza maji kwa mgongo wa bapa, vifundo vya vidole vikielekea majini.

Ukiwa chini, jikunje mbele, uso uwe karibu na chombo. Mtoni hapo ndipo unaponusurika na mawe. Kisha toa mwili upande wa kulia mpaka ukaribie uso wa maji, kafi likiwa limenyooka kutoka ubavuni. Geuza bapa lilale bapa juu ya maji, ukandamize. Kafi hapo ni egemeo tu, mwenye kuinua mtumbwi ni kiuno. Goti la kulia livute mkanda wa paja juu, la kushoto lisukume chini, kwa mpigo mmoja. Mtumbwi ugeuke kwanza, kiwiliwili kifuate, kichwa kije mwisho kabisa.

Huko kuwahi hewa ndiko kunakokurudisha. Kichwa kikiinuka mapema, mwili wote waegemea kafi na kiuno chageuza chombo kinyume. Tazama bapa mpaka mtumbwi ukae sawa. Kifua kipite chini chini juu ya ukingo, kuelekea mbele.

maji_ya_sagana
Naongezea mkono wa kushoto, ulioshika kishikio cha juu. Mkono huo ukiwa juu, bapa lapiga mbizi hata ufanye nini. Ushushe karibu na maji, mti wa kafi ulale. Mimi nadhani hapo ndipo penye shida yako, kwa vile wasema kafi lazama.

Mifuko ya hewa unayo, mbele na nyuma? Bila hiyo mtumbwi wa wazi wajaa maji na utakuwa wainua tangi. Mikanda ya mapaja nayo ibane, lakini jaribu kujifungua ukiwa umepinduka kabla ya jambo lolote. Kofia ngumu pia, hata Tudor.

nahodha_mtwapa
Mwanangu, chagua maji. Siku za bamvua, maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, hapa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo wa mlangoni mwa hori una nguvu. Ngoja maji mafu, siku ambazo hayapandi wala kushuka sana, uingie yakikaribia kujaa. Yakitoka, kilichobaki ni matope na chaza za kwenye mikoko zinazokata kama wembe. Na asikose mtu wa kusimama nawe, maji ya kiunoni, akushike mikono ufanye kiuno peke yake bila kafi. Kafi lije baadaye.

mtudor
Shukran sana wazee wangu. Mkono wa kushoto kweli huwa juu, na mfuko wa hewa ninao wa nyuma tu. Sasa nikipindukia kushoto je? Nibadilishe mikono?

kafi_la_kulia
Usibadilishe. Hata ukipindukia kushoto wainukia kulia, upande wa kafi lako. Pitisha mwili chini ya mtumbwi ukiwa umejikunja, utokee kulia, halafu ni yale yale. Yachukua muda kidogo zaidi, kwa hivyo zoea kutulia chini. Huko Sagana, penye povu jingi maji hayashiki bapa vizuri kwa sababu yamejaa hewa. Ukiona halishiki, baki umejikunja mpaka upite povu, ndipo ujaribu tena.

maji_ya_sagana
Na tafuta mfuko wa mbele kabla ya kurudi majini.