Fundi kanilinganishia matundu ya filimbi "yapendeze". Mafundi, kwani kusema "hii siijui" mnakatwa kodi?

Wakuu, naomba nitoe povu langu hapa, maana nikilala nalo kesho nitaamkia kijiweni kwa mtu na haitakuwa salama.

Nina filimbi ya mpingo. Sisemi filimbi ya refa, wala ile ya mwanzi ya kuokota barabarani. Ni ya kupulizia ubavuni, vipande viwili, matundu sita ya vidole, na pete ya shaba pale vipande vinapoungana. Alinikerezea mzee mmoja wa mkoa wa Lindi. Gogo lenyewe alikuwa amelitoboa tundu jembamba katikati, kalipaka nta kwenye ncha, kaliweka kivulini miaka ndipo akaanza kazi. Nimeipiga miaka saba, harusi na ngoma, haijawahi kuniangusha.

Mwezi wa nane nikaitwa Dodoma, harusini. Wenyeji wa kule mnajua hali ya mwezi huo, upepo mkavu mpaka midomo inachanika. Nimetoka Dar na mti uliozoea jasho la pwani, nikapiga karibu masaa matatu, nikaitumbukiza kwenye begi bila hata kuifuta ndani, nikaenda kula pilau. Asubuhi nakuta ufa. Hapo sibishani na mtu, kosa ni langu. Pumzi inaulowesha mti kwa ndani, unavimba. Nje upepo unaukausha, unasinyaa. Vikivutana hivyo, mti hauna pa kwenda zaidi ya kupasuka. Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba kama unywele, unaanzia kwenye pete unapanda sentimita tatu hivi. Kitu cha kutibika kabisa.

Kurudi Dar nikaulizia fundi. Nikaelekezwa kwa mchonga vinyago mmoja, simtaji jina wala mahali, na kwa vinyago sina neno naye, mkono anao. Nikamwambia kwa Kiswahili kisicho na chenga: "Fundi, ni ufa huu tu. Kingine chochote usiguse." Akaigeuzageuza, akaipuliza kama chupa ya soda, akacheka. "Kazi ndogo hii bosi. Mpingo nimeanza kuuchonga wewe hujazaliwa." Elfu thelathini na tano, nikatanguliza ishirini. Siku tatu.

Siku tatu zikawa wiki mbili. Kesho bosi, kesho bosi, umeme ulikatika bosi, nipo msibani bosi. Sawa, hayo tumezoea.

Nakwenda kuichukua, nakuta inang'aa kama kiatu cha askari wa gwaride. Nikaiweka mdomoni. Kimya. Nikapuliza tena, ikatoa upepo mtupu, kama baiskeli inayotolewa upepo. Nikaishika vizuri kwenye mwanga, ndipo nikaona.

Kwanza kaipiga msasa yote. Yote! Mpaka ukingo wa tundu la kupulizia. Kwa wasiojua: filimbi hii haina kilimi wala kidude chochote ndani, sauti inazaliwa pale pumzi inapogonga ukingo wa ng'ambo ya tundu na kugawanyika, nusu inaingia nusu inatoka. Ukingo ule unatakiwa uwe mkali na safi. Wangu sasa ni mviringo kama mdomo wa kikombe cha bati. Nikamuuliza, akasema "ulikuwa unakwaruza bosi, ungekukata mdomo." Miaka saba haujanikata!

Pili, kamwaga vanishi mpaka ndani ya bomba. Nimetupia mwanga wa simu, matone yamekauka humo kama machozi ya mshumaa.

Hayo yote, wakuu, ningemeza. Lakini tundu la sita.

Filimbi hii ukiiangalia, matundu yake hayalingani. La tano ni kubwa, la sita, lile la mwisho kabisa la kidole cha pete, ni dogo. Huyu bwana kaona matundu hayalingani, jicho lake la mchongaji likamuuma, akachukua keekee akalipanua la sita likawa saizi moja na la tano. Alivyonieleza kwa fahari, nanukuu: "Nimekulinganishia na matundu, moja alikosea, sasa yamependeza." Bure kabisa, hakunichaji!

Jamani. Mzee wa Lindi hakukosea. Tundu lile kwa haki yake lingekaa chini zaidi kwenye bomba, ila hapo kidole cha binadamu hakifiki. Kwa hiyo mkerezaji analisogeza juu lifikiwe, na kwa kuwa kulisogeza juu kunapandisha sauti, analifanya dogo ili sauti ishuke irudi mahali pake. Udogo ule ndio hesabu yenyewe! Ukilipanua, sauti inapanda. Nimepima kwa programu ya kwenye simu: re yangu, ile noti ya do-re-mi inayotoka kwenye tundu hilo, imepanda senti 40, na senti 100 za muziki ndiyo nusu toni nzima. Yaani siyo re, siyo re kali, ni kitu kimekaa katikati kama abiria wa mlangoni. Nikipiga na kinanda, mtu asiyejua muziki kabisa anageuka kuangalia nani anapiga kelele.

Na mti ukishatolewa haurudi. Mpaka sasa naishi kwa nta ya nyuki. Nakanda kipande kidogo, nakibandika ndani ya tundu upande wa juu, wa kuelekea kichwani, yaani kipande chenye tundu la kupulizia, sauti inashuka inakaa sawa. Inafanya kazi vizuri tu, ukiwa nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Jumamosi hii nilikuwa ukumbini, joto la Dar mnalijua, wimbo wa tatu nta ikalainika, ikanifuata kidole. Nainua kidole, tundu liko wazi, re imeruka. Na hapo sijasema la midomo. Kumbe ile inayong'aa siyo vanishi peke yake, juu yake kapaka rangi ya viatu! Nyeusi! Ule ujanja wa kuuzia mti mweupe kama mpingo, sasa kaupaka mpingo wenyewe, ambao kiini chake ni cheusi toka Mungu kauumba. Nimepiga mbele ya wakwe wa watu midomo myeusi kama nimekula zambarau. Kuna mtoto alinionyesha kidole.

Sasa watakuja wa kunifundisha: "ulitaka afanyeje?" Nitawaambia. Supagluu siyo dhambi. Hata wakerezaji wakubwa wanaitumia kwenye mpingo, ile nyepesi kama maji, pamoja na unga wa mpingo wenyewe. Dhambi ni kuharakisha. Ufa uliofunguka kwa ukavu haujazwi ukiwa umefunguka. Unaiweka filimbi ndani ya kasha pamoja na kitambaa chenye unyevu kidogo, visigusane, siku kadhaa, mti unywe taratibu. Nyufa nyingi zinajifunga zenyewe kwa kiasi kikubwa. Ndipo unapitisha gundi kwenye kilichobaki, halafu unachimba mfereji mwembamba kuzunguka bomba, unazungushia uzi imara ukiwa umevutwa, unafukia juu, hauonekani tena. Au unavalisha pete nyingine. Uzi ndio unaoshika, gundi inasaidia tu. Yeye kaujaza ufa ukiwa wazi. Unajua maana yake? Mti ukivimba, ule ujazo unakuwa kabari. Tayari naona mstari mwembamba upande wa pili wa pete, na naomba Mungu iwe ni mkwaruzo.

Na kwa kabari hakuishia hapo. Ule ulimi wa kipande cha chini, unaoingia kwenye kichwa, mimi nazungushia uzi wa pamba uliopakwa nta, naongeza au kupunguza mzunguko mmoja mmoja mpaka uingie kwa kuzungusha polepole. Yeye kautoa, kaweka tepu ya mafundi bomba. Tabaka kwa tabaka. Kuvitenganisha vipande nilisaidiwa na shemeji yangu, kila mtu kashika upande wake, na kila tulipovuta nilikuwa nasikia moyoni kama unapasuka mfupa.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Mpingo ni wetu. Klarineti na obo zinazopigwa kwenye kumbi za Ulaya, mti wake mwingi unatoka misitu hii hii ya kusini. Vijiji vya Kilwa vilipata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha misitu inayovunwa kwa utunzaji, cha kuvuna mpingo mwaka 2009, siyo hadithi. Mti unachukua miaka sabini mpaka mia kufikia kuvunwa, ni mzito hata ukiutia majini unazama, wazungu wanausubiri kwa hamu. Halafu mimi, mtoto wa nchi ya mpingo, jiji zima hili sina pa kupeleka filimbi yenye ufa wa sentimita tatu. Wachongaji wa mpingo tunao, kwa mkono hawana mpinzani. Ila mchongaji anafanya kazi na jicho, filimbi inataka sikio, na hakuna kosa kama kuamini moja linatosha kwa yote mawili.

Msinishauri niipeleke Ulaya, nauli yake na ada zao nanunua filimbi tatu. Msiniambie "kata mwanzi mwingine", mwanzi naupenda ila sauti ya mpingo siyo hiyo. Na yule atakayeandika "ipake mafuta ya kupikia italainika", tafadhali pita kimya. Mafuta ya kupikia yanachacha humo ndani, yanakuwa ulimbo. Ni mafuta ya lozi, matone machache kwenye kitambaa, ndani ya bomba likiwa kavu, unaacha usiku kucha unafuta yaliyobaki. Nimeyafanya hayo miaka saba. Ni usiku mmoja tu wa Dodoma.

Shida yangu: namtafuta mkerezaji mwenye kerezo na vyuma vya kutobolea bomba, awe Dar, Moro au Tanga, anayeweza kuziba tundu la sita kwa kipande cha mpingo na kulitoboa upya, na kunirudishia ukingo wa tundu la kupulizia. Kama ukingo hautengenezeki, anikerezee kichwa kipya, cha chini nitabaki nacho. Bei tutaongea. Sharti ni moja, awe anapiga hata kidogo, nimsikie kwa masikio yangu.

Wakati naandika huu uzi simu imeita, ujumbe kutoka kwa fundi: "Bosi vp, ile 15 iliyobaki unatuma lini? Na kama kuna wenzako wana filimbi waambie."

Picha za tundu nitaweka jioni.