Mabosi wa Kisumu, hii intanshipu ya bure itaisha lini???

Wadau, leo sitaki utani. Nimechoka na huu mchezo wa intanshipu hapa Kisumu na najua siko peke yangu, juu kila asubuhi kwa matatu ya kutoka Kondele naona vijana wenzangu, shati imepigwa pasi, kitambulisho ya ofisi iko shingoni, na mfukoni ni fare ya kwenda tu, ya kurudi Mungu anajua.

Ofisi yenye niko (sitaitaja, msinisumbue inboksi) walisema ni miezi tatu ya kujifunza. Ikaisha wakaongeza tatu, halafu tena wakaongeza. Kujifunza nini sasa? Mimi ndio nafungua ofisi, mimi ndio nahudumia wateja, mimi ndio naandika ripoti yenye bosi anaweka jina lake, na juzi wameleta intani mpya wakasema ati nimfunze kazi. Mtu anasoma hadi anakuwa mwalimu na bado hajaona hata shilingi? Ukiuliza mambo ya pesa HR anakuangalia kama umemtusi, "shukuru unapata ekspiriensi, wengi wanaitaka hiyo nafasi." Landlodi wangu Manyatta hachukui ekspiriensi, nimejaribu.

Na msiniambie ati ni biashara ndogo hazina pesa, hii tabia imetoka juu kabisa. Walimu wa JSS (sekondari ya chini) waliwekwa intanshipu ya 20,000 kwa mwezi na wako na vyeti vyote na namba ya TSC, ile tume ya kuajiri walimu, wanafundisha kama mwalimu yeyote, hadi korti ya kazi ikasema 2024 kwamba ni makosa kumchukua mwalimu amehitimu umuite intani. Madaktari nao, makubaliano ya 2017 yanasema intani alipwe 206,400 serikali ikawaambia wachukue 70,000, si mliona mgomo wa 2024 venye ulienda. Sasa kama daktari alichezewa hivyo, mimi na digrii yangu ya biashara nani atanisikiza? Na hao angalau kuna kitu walikuwa wanapigania. Sisi ni sufuri na chai ya saa nne, na siku hizi hata hiyo chai imekuwa ya rangi.

Lakini yenye inaniuma kabisa si hata ofisi, ni venye kila mtu ananihesabu niko na kazi. Ukishaonekana asubuhi umechomekea shati basi imeisha, wewe ni mtu wa mshahara. Grupu yetu ya WhatsApp ya kampasi zamani ilikuwa ya notsi na vichekesho, sai ni paybill ya mchango juu ya paybill, harusi ya huyu, bebi shawa ya yule, na kuna mmoja wa komiti kazi yake ni kuweka listi ya wenye hawajatoa, jina langu linakaa hapo kama limepigwa misumari. Shags, kijijini kwetu Siaya, matanga hayakosi na kila mzee ako na namba yangu, "yule kijana wa ofisi Kisumu." Ukisema huna wanasema umeanza kuringa. Wikendi mabeste wakipanga samaki Dunga nawaambia niko shags, watu wa shags nawaambia niko kazini, sai mtu naongea naye ukweli ni kinyozi tu na hata huyo nina deni yake. Mambo ya kudeti tuyaache.

Halafu kuna HELB, wale wa mkopo wa masomo. Hao hawajui intanshipu ni nini. Mwaka mmoja baada ya kumaliza wanataka uanze kulipa, ukinyamaza faini ni 5,000 kila mwezi, yaani kila mwezi nadaiwa faini ya pesa yenye ofisi haijawahi kunipea hata mara moja, na huko ofisini wananiita "mwenzetu"!!

Wale mnajua ofisi Kisumu, Nakuru ama hata Kakamega zinalipa intani, hata kama ni fare na lanchi, wekeni hapo chini, mimi nitahama hata kesho. Na wewe HR unasoma hii ukitaka kuniandikia nivumilie, mlipe kwanza huyo intani ameketi hapo nje ya mlango wako ndio urudi tuongee.