Mzee anagonga grili saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimuuzie?

MamaGrili ameandika:

Habari zenu wadau. Nina duka la pombe hapa Zimmerman, Nairobi, yale ya kuuzia kupitia grili ya vyuma tunayoita "wines". Si baa, hakuna kiti hata kimoja. Unanunua, unaenda zako. Leseni ninayo, nimeitundika juu ya friji. Nalala chumba cha nyuma kwa sababu ya wezi, na shida yangu imeanzia hapo.

Kuna mzee mmoja, mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake. Kila siku ya Mungu saa kumi na mbili na nusu anagonga grili kwa sarafu. Hana fujo. Anagonga mara tatu, ananyamaza, kisha tatu tena. Amevaa koti na kofia kama mtu anayewahi kazini. Noti ya mia mbili ameikunja mara nne, sarafu ameziweka juu yake, anataka kota, ile chupa ya mililita 250. Ananisalimia, ananiuliza watoto wanaendeleaje shuleni, na muda wote huo mkono wa kushoto ameuficha mfukoni nisione unavyotetemeka. Nauona.

Najua saa hizo siruhusiwi kuuza. Nilianza siku moja ya mvua, nikamhurumia, ikawa mazoea. Wiki jana binti yake alikuja. Hakupiga kelele. Alinunua maji ya chupa, hakuyafungua, akaniambia, "Anti, nakuomba usimuuzie baba." Nikamwambia sawa. Kesho yake nikajinyamazia kitandani, mzee akagonga mpaka akachoka. Kuchungulia, namwona anavuka kwenda ploti ya pili, kule wanakouza vitu visivyo na stika ya ushuru ya KRA.

Sasa nimekwama. Nikimuuzia, navunja sheria na ahadi kwa pamoja. Nikikataa, anaenda kunywa kitu hakijulikani kimetoka wapi. Na msinihukumu sana, kodi ya hili duka inalipwa na watu kama yeye. Mngekuwa mimi mngefanyaje?

---

Wakili wa Mtaani:

Dada, kwanza jina langu ni la utani, usije ukaniita kortini. Lakini ile sheria ya pombe ya 2010, ya mbunge Mututho, naijua. Baa ni saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na wikendi na sikukuu zinaanza saa nane mchana. Leseni ya duka la mtaa inayokuruhusu kuuza saa kumi na mbili na nusu asubuhi haipo. Siku kanjo, askari wa kaunti, wakikukuta, hiyo iliyo juu ya friji ndiyo itashuka ya kwanza. Huna cha kuuliza hapo.

Kibarua wa Roysambu:

Yaani mtu amefundisha watoto wa watu miaka thelathini leo aambiwe saa ya kunywa? Ni mtu mzima, pesa ni zake, ini ni lake. Muuza nyama hamuulizi mteja kama ana gauti. Muuzie. Umeona mwenyewe ukikataa anakoenda. Mumesahau Kirinyaga Februari 2024? Watu zaidi ya kumi walizikwa kwa kunywa kitu kibaya. Afadhali kota yako yenye stika.

Wakili wa Mtaani:

Muuza nyama hagongewi na mtu anayetetemeka, Kibarua.

Nesi wa Zamu:

Naomba nianze na kulalamika kidogo, halafu nije kwa mzee.

Hizi saa zilipangwa na mtu anayefikiri Nairobi nzima inatoka ofisini saa kumi na moja. Mimi natoka zamu ya usiku saa moja na nusu asubuhi. Hiyo ndiyo jioni yangu. Nikitaka bia moja nilale, mimi ni mhalifu, lakini yule anayelewa saa nne usiku na kesho ana gari la kuendesha yuko sawa na sheria. Na siku nikiwa huru nikienda supamaketi na mtoto, mlinzi ananiambia mtoto haingii sehemu ya pombe. Sawa, ni sheria, walio chini ya miaka 18 hawaruhusiwi. Nilikuwa nachukua chupa ya mvinyo, wakwe wanakuja. Unajua nilifanyaje? Nilimwachia mlinzi mtoto, nikaingia. Akamshika mkono, wakawa wanahesabu troli. Hapo sijui nani alikuwa analindwa na nani.

Sasa mzee. MamaGrili, soma hapa vizuri. Ule mkono wa asubuhi ni mwili unaodai pombe kwa sababu umeizoea. Kota ya asilimia 40 ina mililita 100 za alkoholi tupu, karibu bia tano za nusu lita za asilimia 4.2. Kama hiyo ndiyo staftahi yake kila siku, msimkatie ghafla nyumbani. Ndani ya siku mbili za kwanza anaweza kupata degedege, na baadaye akaanza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwepo. Watu hufa hivyo. Binti anadhani ukifunga grili baba atapona, na si kosa lake kutojua. Mzee anahitaji daktari wa kumshusha polepole kwa dawa. Hospitali ya Mathari wana kitengo cha waraibu, na simu ya NACADA, wale wa serikali wa kupambana na ulevi, ni 1192, haitozwi. Mpe binti hiyo namba leo.

Kibarua wa Roysambu:

Kwa hivyo amuuzie. Nesi amekubaliana na mimi.

Nesi wa Zamu:

Sijakubaliana na wewe hata kidogo.

Mtu wa Kasarani:

Na mjiandae, ile sera ya serikali ya pombe ya mwishoni mwa Julai 2025 inataka umri upande kutoka 18 hadi 21, supamaketi zisiuze kabisa, na boda wasiletee watu pombe nyumbani.

Wakili wa Mtaani:

Ni sera, haijawa sheria. NACADA wenyewe walitoka wakafafanua baada ya watu kuwaka. Tusipoteze uzi wa dada.

Mkavu Miaka Minne:

Mimi nilikuwa huyo mzee, ila bila kofia.

Nilikuwa najua kila grili ya Githurai inafunguliwa saa ngapi, na yupi ukimgongea anaamka na yupi anatukana. Hizo saa za sheria hazikunizuia kunywa, nisiwadanganye. Zilinifundisha kupanga. Nilinunua mbili usiku, moja ya usiku, moja ya alfajiri naificha ndani ya buti la mvua. Shida ni kwamba ya alfajiri haikuwahi kuiona alfajiri. Ndiyo maana nilikuwa nagonga.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akiniuzia. Hakunihubiria. Alikuwa na kalenda ukutani, ile ya kupewa na kampuni ya bima, na kila nikichukua kota anachora mstari kwenye tarehe. Nilidhani ni hesabu zake za stoki. Mwisho wa mwezi akaitoa ukutani, akaipitisha chini ya grili pamoja na chenji yangu. Tarehe kumi na nne ilikuwa na mistari minne. Siikumbuki tarehe kumi na nne.

Sikuacha siku hiyo. Nilimtukana, nikahama duka. Lakini kalenda nilienda nayo.

MamaGrili, Kibarua anasema ini ni la mzee. Kweli. Lakini saa ile ya kugonga mimi sikuwa mtu wa kuamua kitu. Jioni nilikuwa naweza kuongea. Ukitaka kumwambia jambo, mtafute jioni akiwa ameketi.

Muuzaji wa Pipeline:

Dada nakuambia kama mwenzako wa biashara. Ukifungua mara moja kwa siku ya mvua, umefungua siku zote. Hamisha kitanda, usilale na stoki. Mtu akijua kuna mtu ndani, atagonga. Na mwambie yule binti ukweli wote, kwamba umekuwa ukimuuzia tangu lini na kiasi gani. Daktari atamuuliza, na mzee hatasema.

MamaGrili:

Nimerudi, ni siku sita sasa. Nimesoma yote, hata ya Kibarua.

Nilimpigia binti nikamweleza kila kitu. Alinyamaza kwenye simu mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza, "Kota ngapi, Anti?" Nikamwambia moja ya asubuhi ni yangu, za jioni sijui. Jumamosi jioni tulienda kwao, mimi na yeye, tukamkuta mzee anasikiliza redio. Hakukana. Alisema tu, "Kumbe mwalimu naye ana ripoti." Akakubali kwenda Mathari leo.

Leo asubuhi saa kumi na mbili na nusu, mara tatu. Sikulala kimya. Nilizunguka kwa mlango wa nyuma nikamtokea nje na kikombe cha uji. Nikamwambia, "Mwalimu, sina cha kukuuzia saa hizi. Binti anakuja na teksi saa moja, na hatukuachi peke yako." Aliangalia grili, akaniangalia mimi, akaangalia kule ploti ya pili. Nilidhani anaenda.

Akatoa mkono mfukoni. Ule wa kushoto. Alishika kikombe kwa mikono yote miwili, na bado uji ulimwagika kwenye koti. Akaniuliza watoto wanaendeleaje shuleni.

Wameondoka. Kesho sijui itakuwaje, na kitanda bado sijahamisha. Kibarua, ile kota iko kwa rafu kama unaitaka, ila uje jioni.