Mgeni wa Kilwa: kila siku Kisiwani, Kivinje lini?

Mwana wa Jimbiza

Habari za jioni, na shikamooni wote mnaostahili. Nina hoja, na najua itawaudhi wenzangu wa gatini.

Naishi Kilwa Masoko, kazi yangu kutembeza wageni. Mgeni wa kawaida yuko hivi: kashuka Nangurukuru na basi la Dar, kaingia kwetu huku rasini, kalala gesti. Asubuhi kanywa chai, kakata kibali, kapanda mashua, ng'ambo, Kilwa Kisiwani. Ataonyeshwa magofu: Gereza, ile ngome ya kale, Msikiti Mkuu na kasri la Makutani, na akiwa na miguu atafika kasri la Husuni Kubwa kuangalia lile bwawa la pande nane. Saa nane mchana yuko Jimbiza anakula pweza. Saa tisa ananiuliza, "Sasa kuna nini kingine?" Na mimi, Mungu anisamehe, miaka yote nilikuwa najibu: hakuna, basi lako la kesho saa ngapi?

Kingine kipo. Ukipanda gari hapa Masoko, saa moja haijaisha uko Kilwa Kivinje. Ndio mji uliokuwa mkubwa Kisiwani ilipolala. Misafara ya kutoka Ziwa Nyasa ilikuwa ikishukia pale na pembe na watu. Pale ndipo 1888 wenyeji walipowaua Wajerumani wawili wa ile Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na pale pale 1895 Wajerumani wakamnyonga Hassan bin Omari Makunganya, aliyewapinga. Ukienda hospitali ya wilaya unaambiwa nenda Kinyonga, na mgeni anadhani ni yule mjusi anayebadili rangi. Siye. Wazee wanasema jina limetoka kwenye mwembe wa kunyongea.

Nyumba ya bibi yangu iko Kivinje, nyuma ya soko. Ukuta wa mbele umebaki kimo cha mtu na nusu. Juu ya kizingiti umeota mtini, mizizi imeteremka mpaka chini kama nywele za mtu aliyelala. Chokaa ukiigusa inakubakia mkononi kama unga wa muhogo. Boriti tatu za mkoko bado zimeshika, ya nne iliangushwa na mvua za mwaka juzi. Mlango wa nakshi uliuzwa kabla sijazaliwa, siku hizi tunafungia bati.

Tulipotaka kuitengeneza, mjomba alikwenda ofisi moja, siitaji. Akaambiwa nyumba hiyo ni ya kale, asitie sementi mpaka apewe maelekezo. Maelekezo hayakuja. Mvua ilikuja.

Sasa hoja. Kila mgeni anayelala Masoko apitishwe Kivinje kwanza, kabla ya kuvuka maji, na sehemu ya viingilio vya magofu itengwe kwa ajili ya majengo ya kule. Kisiwani na kisiwa jirani cha Songo Mnara, nacho chenye magofu, wameshapata walezi. Ni Urithi wa Dunia tangu 1981. Mwaka 2004 wakawekwa kwenye orodha ya hatarini, wakaja mafundi na fedha za nje, 2014 wakatolewa. Kivinje haimo kwenye orodha hizo, ya wazima wala ya wagonjwa.

Nani anabisha?

Nahodha Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nabisha mimi.

Umepiga kasia upande mmoja, na ukipiga hivyo chombo kinazunguka palepale. Unasema Kisiwani wana walezi. Magofu yana walezi, ndiyo. Watu je? Kisiwani ni kijiji, kina watoto na visima na shida zake. Mgeni akivuka, anapiga picha ukuta, anarudi Masoko kula na kulala. Hilo la kula na kulala mnalipata nyinyi wa rasini, si wao. Leo unataka na kile kiingilio kikatwe kipelekwe Kivinje. Unamvua maskini kanzu umvike maskini mwenzie.

Halafu usiseme kazi ya Kisiwani imekwisha. Nimevusha watu pale tangu mashua ni za tanga tupu, na ukingo wa mbele ya Gereza nimeuona unavyoliwa na maji mwaka hadi mwaka, mpaka wakaja kuweka makingo ya mawe na kupanda mikoko. Bahari hiyo haijahama. Ni kilomita mbili tu za maji, lakini kusi ikikaza ndio utajua. Ukisema "pametolewa hatarini" unamwambia nani, kusi?

Mmatumbi wa Kipatimu

Watu wa pwani bwana, mkigombana mnagombania mchanga. Pamba iling'olewa Nandete, Julai 1905, Majimaji ikaanzia hapo, na Nandete ni Kilwa hii hii. Mgeni wenu mmoja aliyefika Umatumbini yuko wapi? Nawasubiri. Nimekaa chini ya mkorosho.

Mwana wa Jimbiza

Mtani, barabara ya kwenu unaijua mwenyewe. Mgeni akifika huko anarudi akiwa mwenyeji.

Binti wa Kivinje, Dar

Nimesoma yote, naomba niseme ambalo wanaume hamtalisema.

Mimi nimezaliwa Kivinje. Sitaki mgeni aletwe mtaani kwetu akaelezwe habari za watumwa mbele ya mlango wa mama yangu. Si kwamba naona aibu ya historia. Mji ule ni mdogo. Watu wazima wanajua ukoo upi ulikuwa na watu na ukoo upi ulikuja kwenye msafara. Hayasemwi. Yanajitokeza siku ya posa, shangazi mmoja akikohoa tu, posa imekufa. Ninyi mnataka mweke kibao. Mtaandika nini juu yake? Na mgeni akiuliza, "hawa wa sasa ni wajukuu wa nani," huyo mwongozaji atajibu nini?

Kisiwani ni rahisi. Masultani, dhahabu ya Sofala, sarafu zao wenyewe. Hadithi ya watu waliokufa zamani sana haimuumizi mtu. Ya kwetu bado inatembea na miguu.

Na jingine dogo: mgeni akija kupiga picha nyumba ya bibi yako iliyoanguka, anapiga picha historia au anapiga picha ufukara wetu?

Mwana wa Jimbiza

Dada, hapo kwenye posa umenifunga mdomo. Ngoja nifikiri.

Mwalimu wa Historia, Lindi

Dada, uchungu wako naupokea. Lakini kabla ya kugawana miji, mmoja wa fahari na mwingine wa maumivu, tuangalie tarehe.

Msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika Kisiwani 1331, akausifu mji kwa uzuri na ujenzi wake. Sifa hiyo kila mwongozaji anaijua kwa moyo. Tunaloruka ni kisa alichokisimulia baada ya hapo. Fakiri kutoka Yemen alimsimamisha Sultani al-Hasan bin Sulaiman akitoka Swala ya Ijumaa, akamwomba zile nguo alizozivaa. Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akabadili, akampa. Watu wakashangilia ukarimu wake. Mwanawe akazikomboa zile nguo kwa fakiri kwa kumpa watumwa kumi, na Sultani alipoona anavyosifiwa akamwongezea watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe. Watu ishirini kwa vazi la mtu mmoja, na Kivinje kuwa soko kuu bado karne tano.

Kisha 1776. Mfaransa mmoja, Morice, aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apatiwe watumwa elfu moja kila mwaka, wa kwenda kulima kwenye visiwa vya Wafaransa, Morisi ya leo ikiwa kimojawapo. Kivinje ililirithi soko hilo, haikulianzisha. Na hata Sultani Barghash wa Zanzibar alipotia saini 1873 kwamba watumwa wasisafirishwe tena baharini, misafara ya Kilwa iligeuza njia, ikapanda kaskazini kwa miguu kandokando ya pwani, mpaka 1876 na hiyo nayo ikapigwa marufuku.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na mwenye hoja wala na dada. Mwenye hoja anataka Kivinje itangulie, dada anataka Kisiwani ibebe peke yake kwa kuwa ni rahisi. Si rahisi, sisi ndio tumeirahisisha. Mtembezaji anayesimama Msikiti Mkuu akataja nguzo na kuba na dhahabu, akamaliza bila kutaja mkataba wa 1776, amemdanganya mgeni kwa kunyamaza. Aanze kusema Kisiwani, pale ambapo hakuna mlango wa mama wa mtu. Akifika Kivinje, ataongea kidogo na kusikiliza zaidi.

Mnakumbuka hadithi ya kisiwa kununuliwa kwa nguo, yule Mshirazi aliyenunua na mzee Mrimba aliyeuza? Wageni wanaipenda mno. Mji ulioanza kwa nguo na sultani aliyevua nguo, katikati yake watu ishirini. Darasani huwa nawaachia wanafunzi hapo, nafuta ubao.

Mpiga Deiwaka

Mwalimu umemaliza. Lakini swali langu ni la njaa: hiyo safari ya Kivinje mgeni atalipa shilingi ngapi na mimi dereva napata ngapi?

Msafiri wa Arusha

Naingia kama mgeni maana mnatuongelea tu.

Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopiga na barabara ikakatika upande wa Somanga, mimi nilikwama Masoko. Kisiwani nilikuwa nimeshamaliza siku ya kwanza. Maji yalipopungua, kijana wa bajaji akaniambia twende Kivinje, kwao. Nilikwenda kwa sababu ya uchovu wa kukaa.

Hakuna aliyenielezea chochote. Nilitembea mtaa ule wenye nyumba za ghorofa, nyingine zina watu chini na miti juu. Mama mmoja alikuwa anakaanga vitumbua kwenye baraza, ukuta wa nyuma yake una tundu la taa lililonakshiwa, ndani ameweka chumvi na simu inachajiwa. Nilinunua vitumbua vya elfu moja, nikakaa. Sikuuliza habari za watumwa wala yeye hakuuliza natoka wapi. Nimetembea Tanzania hii sana, na Kilwa ninachokumbuka ni lile tundu.

Picha sikupiga. Dada wa Dar, kwa hilo uko sahihi, nilihisi si pangu.

Fundi Chokaa

Mimi historia sina. Nina mikono. Nilikuwa kibarua kwenye matengenezo ya Kisiwani, ndiko nilikojifunzia.

Mjomba wako waliomkataza sementi hawakukosea. Walikosea kumwacha hapo. Ukuta wa matumbawe unapumua, unyevu unaingia na kutoka. Ukiupiga plasta ya sementi, maji yanabaki ndani na chumvi yake, kwa nje unaona pazuri, kwa ndani jiwe linageuka uji. Baada ya masika kadhaa plasta inabanduka na jiwe limo ndani yake. Nimeshaona nyumba iliyosimama miaka mia ikauawa na mifuko ishirini ya sementi.

Shida ni chokaa. Zamani walichoma matumbawe kwenye tanuri la magogo, basi. Leo ukivunja matumbawe unakamatwa, na ni haki, maana samaki watakaa wapi? Ukikata mkoko wa boriti unakamatwa. Ya dukani ipo, lakini iliyolowekwa vizuri inataka muda, wiki kwa wiki kwenye shimo, na mwenye nyumba ana haraka kwa kuwa mvua ipo Machi. Kwa hiyo mnapogombania kiingilio kiende wapi, mimi nasema kisiende kwenye kibao wala kwenye kamati. Lichimbwe shimo moja la chokaa Kivinje, liwe la mji, kila mwenye nyumba achote kwa bei ya kuchota. Mafundi tuliojifunza Kisiwani tupo, wengi tunauza korosho na kuvua.

Nahodha Mstaafu

Hilo la shimo nalikubali. Kiingilio sijakubali. Shimo la chokaa halili fedha nyingi kiasi hicho, wapeni wageni wenyewe walichangie Kivinje, Kisiwani waachieni chao.

Mwana wa Jimbiza

Sawa mzee. Nimerudi nyuma hatua mbili, lakini sijarudi gatini.

Kiingilio nakiondoa kwenye hoja. Kibao nacho nakiondoa, dada amenionyesha. Lile la Kivinje kutangulia, mwalimu kanishinda, basi iwe siku ya pili. Lakini la mgeni kufika Kivinje silitoi. Nitafanya hivi: sitampeleka mtu kwenye magofu ya Kivinje, nitampeleka kwenye baraza. Alipe kwa alichokula, na bakuli la shimo la chokaa liwe pembeni, anayetaka atie. Kisiwani nitaanza kutaja mkataba wa 1776. Jana nilijaribu kwa wageni watatu, mmoja akanyamaza mashua nzima ya kurudi. Bahashishi hakuacha.

Deiwaka, nauli ni ileile ya Kivinje, unataka nini tena?

Binti wa Kivinje, Dar

Baraza nakubali. Lakini wenye baraza waulizwe kwanza, si mjitokeze na wazungu saa ya swala. Anza kwa mama, mlango wa buluu ukitoka sokoni, piga hodi kama mtu. Yeye mwenyewe ana habari za Makunganya alizozipata kwa bibi yake. Akipenda atasema. Asipopenda, kunyweni chai muondoke.

Mmatumbi wa Kipatimu

Bado niko chini ya mkorosho.

Mwana wa Jimbiza

Fundi, ukuta wa bibi bado unashikika? Jumamosi nitakuwa Kivinje, ufunguo wa lile bati upo kwa mjomba. Nianze kwa kuukata ule mtini?

Fundi Chokaa

Usiuguse! Mtini ukiung'oa na mizizi yake, ukuta unakuja nao, sasa hivi ndio unaoushika. Matawi kwanza, shina baadaye, mizizi unaiacha ife yenyewe humo ndani huku tunajaza chokaa kidogokidogo. Jumamosi nitakuwepo, msumeno nakuja nao mwenyewe.