Siku 12, miji minne, mtoto wa miezi 20: nimejitakia?

Mama Kishuka: Wapendwa, tumepanga Paris, Amsterdam, Berlin, kisha Roma. Mwanangu halali bila kishuka chake cha njano, na akikosa usingizi wa mchana hatukaliki. Baba yake anasema tutaweza. (Mkoba wa nepi habebi yeye.) Nifute mji gani?

Mzee wa Treni: Roma, na Berlin pia. Paris hadi Amsterdam ni saa tatu na ushei kwa treni, na wa chini ya miaka 4 hupakatwa bure. Sisi tulichukua ya saa saba mchana. Wetu alisinzia kabla hatujatoka stesheni, biskuti mkononi.

Mama Mapacha: Beba kigari chepesi cha kukunja. Metro ya Paris (treni za chini ya ardhi) ni ngazi tupu, tulihamia kwenye mabasi. Amsterdam uliza ngazi za nyumba kabla hujalipa! Zetu zilisimama kama za kupandia darini, nikazipanda kwa magoti, mtoto mgongoni.

Mama Kishuka: Roma nimeifuta. Berlin baba mtu bado anaililia.

Mama Mapacha: Basi mkoba wa nepi abebe yeye.